Mtaa Wetu Ulipopewa Namba

Jumatatu, Agosti 14

Joto la kuyeyusha lami. Nimeshinda juu ya mapaa ya watu nikikagua, kwa niaba ya kampuni ya bima, vigae vilivyopigwa na mvua ya mawe ya Julai, na kila mwenye nyumba ananiapia kwamba hata tundu la mwaka juzi limetobolewa Julai. Nimerudi shingo imeiva. Colleen akanipokea mlangoni na simu mkononi: wilaya ya shule wamepiga, nimechaguliwa kuingia kwenye kamati ya mipaka.

"Umechaguliwa au umejipenyeza?" akaniuliza mke wangu.

"Nimechaguliwa."

"Baada ya kuandika kurasa mbili kwamba unawapenda watoto wote wa wilaya sawasawa."

Nawapenda. Lakini anayepuliza tuba namjua mmoja tu, naye analala chumba cha pili kutoka hapa ninapoandika.

Alhamisi, Agosti 17

Nieleze jambo lenyewe, nisije nikasoma haya uzeeni nikajiona mwendawazimu. Cottonbend si mji. Ni wilaya ya shule, imekata katikati ya miji mitano na mashamba ya soya, ina shule za msingi zaidi ya thelathini, sekondari nne, watoto karibu elfu thelathini, na mabasi ya manjano ambayo yakitoka yote asubuhi huwezi kuvuka barabara. Mtu wa hapa ukimuuliza anakaa wapi hataji mji, anataja shule. Siku tuliyokuja kuangalia nyumba hii dalali alituonyesha shule kwanza, jiko baadaye.

Sasa wanajenga sekondari ya tano, Harlan Creek, itafunguliwa Agosti ijayo. Jengo halizai watoto. Watoto watatoka kwenye zile nne, kwa hiyo ramani yote itachorwa upya, na mtaa utakaoangukia upande wa pili wa mstari, watoto wake watahama. Watakaoachwa wamalizie walipo ni wa darasa la kumi na mbili tu.

Corinne ameanza la kumi hapo Westfall. Mwaka jana alipoingia alikuwa akila chakula cha mchana chooni, peke yake, na sisi tulikuja kuambiwa miezi baadaye. Kisha Mwalimu Fitch wa bendi akamvika tuba, lile baragumu linalozunguka mwili mzima na kutokeza juu ya kichwa, akamsimamisha kando ya Marisol Quintanilla, mpuliza tuba mwingine, na mtoto akafufuka. Sasa anaongea mezani. Anaongea hata ninapotaka kusikiliza habari. Nataka abaki Westfall, abaki kwenye bendi ile, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye kamati. Mengine niliyoandika kwenye zile kurasa mbili ni mapambo.

Jumanne, Agosti 22

Kikao cha kwanza. Tuko kumi na watano, wote wazazi, wote tunatabasamu mno. Anayetuongoza ni Dkt. Anita Raghavan, mkuu wa mipango wa wilaya, mwanamke mpole anayekunywa maji ya moto matupu. Akatuapisha: hakuna mjumbe kutetea mtaa wake, wala kuutaja. Na ili tusipate kishawishi, majina ya mitaa yote yamefutwa kwenye ramani, kila eneo limepewa namba. Kwa ajili ya haki, alisema.

Haikupita dakika tukawa tumeinama wote kwenye ramani kama kuku kwenye punje, kila mmoja akitafuta namba yake huku akijifanya anatazama kwingine. Sisi wa Larkspur ni 41.

Kuna bwana mmoja, Lyle Oosterhout, anauza mabwawa ya kuogelea, anakaa kule kwenye nyumba za uwanja wa gofu. Ana sauti ya kuitia ng'ombe. Akaketi karibu nami, akaweka kikombe chake kikubwa juu ya eneo langu.

"Wewe namba ngapi?" akaninong'oneza, na chumba kizima kikasikia.

"Tumeapa tusiseme."

"Mimi 12," akasema. "Haya, sasa yameisha."

Simpendi.

Ijumaa, Septemba 1

Mechi ya kwanza. Tumefungwa vibaya. Bendi ilikuwa safi.

Jumanne, Septemba 5

Kamati. Tumechora ramani tatu. Katika zote 41 inabaki Westfall. Nimelala usingizi mtamu.

Alhamisi, Septemba 14

Alhamisi ni siku ya Marisol. Baada ya mazoezi wanakuja wote wawili wanakula hapa, kisha nampeleka kwao Stonegate, zile ghorofa za kupanga karibu na barabara kuu, kwa kuwa mama yake anatoka kazini usiku. Leo Colleen kaoka tambi na jibini. Marisol kala sahani mbili akanitazama.

"Bwana Pruitt, hivi kweli kazi yako ni kupanda juu ya nyumba za watu?"

"Kweli."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Corinne, baba yako ni paka."

Corinne akacheka hadi maziwa yakamtoka puani. Mwaka mmoja nyuma ningetoa nyumba hii nzima nisikie kicheko kile. Garini niliwaacha wapige kelele zao huko nyuma, nikaongeza redio, kulikuwa na mpira.

Jumanne, Septemba 19

Dkt. Raghavan katoa hesabu mpya za watoto. Shule mpya itakuwa nusu tupu, lazima maeneo zaidi yahame. 41 sasa ipo ukingoni. Nimemuuliza swali la kijinga kuhusu mabasi ili uso wangu upate la kufanya.

Tumekubaliana pia kwamba kabla ya kupiga kura tuwatembelee watu wa eneo la 44, maana hakuna mzazi wa huko hata mmoja kwenye kamati, na mikutano yetu wao wako kazini. Tutakwenda Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, Septemba 28

Tufani. Ving'ora vimelia mara mbili, tumekaa kwenye chumba cha chini ya ardhi na redio na mbwa wa jirani. Ziara ya 44 imeahirishwa.

Jumamosi, Septemba 30

Jirani yetu Peggy Strand kaja na keki ya tufaha. Peggy akija na keki jua kuna jambo. Kasikia kwamba 41 ipo ukingoni, sijui kutoka kwa nani, mimi nimeapa. (Kwa Colleen. Colleen hakuapa.) Anataka mtaa mzima uvae fulana za rangi moja kwenye mkutano wa hadhara.

"Rangi gani, Duane? Wewe uko ndani, unajua."

"Siwezi kukushauri, Peggy."

"Njano?"

"Njano wamechukua watu wa gofu," nikasema, nikajikuta nimeshamshauri. Tukaafikiana kijani.

Jumanne, Oktoba 10

Vibao vimejaa kwenye majani mbele ya nyumba. Chetu kinasema: WATOTO WETU HUENDA SHULE KWA MIGUU. Kweli Westfall iko karibu, unaiona kutoka dirisha la juu. Lakini tangu tuhamie hapa sijamwona mtoto akienda kwa miguu. Asubuhi magari yanapanga foleni kutoka geti la shule hadi mlangoni kwa Peggy, na Peggy mwenyewe ndiye wa kwanza kupiga honi.

Jumanne, Oktoba 17

Mkutano wa hadhara, ukumbi wa michezo wa Westfall. Kijani upande huu, njano kule, nyekundu kwenye ngazi za juu. Kila msemaji dakika tatu, na taa mezani kama za barabarani. Baba mmoja alilia taa ikiwa bado ya kijani. Bibi mmoja aliimba. Nimehesabu rangi zote za upinde wa mvua, lakini wa Stonegate sikumwona hata mmoja.

Lyle aliniuma sikio: "Angalia, watu wa 44 hawapo. Wakati wa kupanga walikuwa kazini, wakati wa kulia wako kazini, wakati wa kuhama watakuwepo."

Nilidhani ananipiga kijembe. Nikamwambia ziara ipo, tarehe thelathini na moja.

Jumanne, Oktoba 31

Hakuna aliyekumbuka kwamba leo ndiyo siku ya watoto kuvaa kama majini na kuomba peremende milangoni. Wajumbe wana watoto wa kuzungusha. Ziara imeahirishwa.

Marisol na Corinne wamejivika mavazi ya tuba mbili, maboksi na rangi ya dhahabu. Walikwama mlangoni kwa Peggy. Nimewapiga picha.

Jumanne, Novemba 7

Baridi imeanza kuuma. Kamati imefika mahali pembamba: ramani moja, na nafasi moja ya kubadilishana. Ama 41 wahame au 44. Idadi ya watoto karibu ni ile ile. Ziara ya 44 imefutwa, muda hautoshi, kura ni wiki ijayo. Dkt. Raghavan alipotangaza hilo alitutazama mmoja mmoja kama anasubiri mtu apinge. Nilikuwa nachonga penseli.

Jumanne, Novemba 14

Nimeshinda.

Niandike ilivyokuwa kabla furaha haijanipanda kichwani. Lyle alisimama kwanza. Sauti ile ile, lakini leo hakuchekesha. Alisema watoto wa 44 wamehamishwa mara tatu ndani ya miaka minane. Kila wilaya inapojenga, wao ndio wanaosukumwa, kwa sababu ni wapangaji na hawana fulana. "Mstari huwa unawatafuta wenyewe," alisema. "Safari hii tuusogeze." Watu wakaanza kutikisa vichwa. Niliona 41 inaondoka mbele ya macho yangu. Nilimwona Corinne amefungua mlango wa choo cha shule asiyoijua, na sahani yake mkononi.

Nikanyoosha mkono. Niliongea taratibu, kwa sauti ninayoitumia kwa watu ambao bima haitawalipa. Nilisema hakuna anayebisha kuhusu haki. Lakini tuangalie hali ilivyo. Watoto wa 44 wanapanda basi. Basi likitoka pale linaweza kukata kulia kama linavyokata kushoto, mtoto ndani hataona tofauti. Watoto wa 41 wanatembea kwa miguu. Tukiwahamisha, tunawatoa barabarani kwa miguu tunawapakia kwenye mabasi mapya, na mabasi mapya ni fedha za madarasa.

Yote hayo kuhusu miguu niliyasema macho makavu.

Kura: nane kwa saba. 44 wanahama, 41 wanabaki. Bodi ya shule itapitisha Desemba, na bodi kwa kawaida haibadilishi ya kamati. Dkt. Raghavan alikunja ramani. Lyle alichukua kikombe chake akanipa mkono, hata sikutegemea.

Nimepitia dukani nikanunua barafu tamu ya kokwa za pekani, anayoipenda Corinne. Ameshalala. Atakula kesho.

Jumatano, Novemba 15

Jioni nilimtolea Corinne barafu, nikamwambia.

"Unabaki Westfall. Imekwisha. Bendi, Mwalimu Fitch, kila kitu."

Akanirukia shingoni. Alinikumbatia kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, miguu juu. Kisha akachukua kijiko, akala kidogo, akauliza, ili tu apate la kusema:

"Kwa hiyo nani anahama?"

"44."

"44 ni wapi?"

Nikafungua mdomo kujibu. Na ndipo, Mungu wangu, ndipo nilipolisikia jina lenyewe kabla sijalitamka.

"Stonegate," nikasema.

Najua Stonegate ilipo. Naifahamu hadi shimo la lami pale kwenye lango, kila Alhamisi nalikwepa. Najua Marisol anakaa jengo la tatu, ngazi ya nje, taa imeungua. Na tangu Agosti nilijua pia kwamba 44 ni Stonegate. Vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwangu miezi mitatu, kila kimoja chumba chake, na mimi sikufungua mlango wa katikati. Siwezi kusema nilisahau. Ilikuwa namba tu, na namba haili tambi mezani kwako.

Corinne aliweka kijiko chini.

"Wewe ulipigaje?"

"Nilipiga kwa ajili yako."

"Ulipigaje, Baba?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ile hotuba ya basi, sijui kwa nini. Akainuka akaenda chumbani, mlango akaufunga pole pole. Afadhali angeubamiza. Colleen, aliyekuwa anafuta jiko muda wote huo, alisema bila kugeuka, "Na hiyo barafu rudisha ndani, inayeyuka."

Alhamisi, Novemba 16

Nilidhani Marisol hatakuja. Amekuja. Kumbe Corinne ameshamwambia. Amekula sahani moja tu. Garini Corinne alikaa mbele na mimi, Marisol peke yake nyuma. Redio sikuwasha.

Pale Stonegate nilizima gari nikageuka. "Marisol, mwanangu, nataka ujue kwamba mimi sikuwa..."

"Hamna shida, Bwana Pruitt," akasema, tena kwa uchangamfu, huku anavuta begi lake. "Sisi kuhama tumezoea."

Tumezoea! Mtoto wa miaka kumi na tano. Nimerudi nyumbani na neno hilo, nimekula nalo, sasa nalala nalo.

Alhamisi, Novemba 23, Sikukuu ya Shukrani

Bata mzinga kakauka. Kaka yake Colleen kaongea siasa. Tulipozunguka meza kila mtu aseme anachoshukuru, Corinne alisema "chumvi" tu.

Baadaye nilimfuata nje. Alikuwa kakaa ngazini, upepo unakata masikio.

"Bodi inakaa tarehe kumi na moja," nikamwambia. "Mtu yeyote anaweza kusema dakika tatu. Naweza kwenda kuwaomba wabadilishe. Sisi tuhame, wao wabaki."

"Mimi sitaki kuhama, Baba," akasema. "Ukienda kusema, sitakusamehe."

"Basi siendi."

"Na usipokwenda, sijui nitamtazamaje Marisol. Hatuongei siku hizi. Nikimwona naenda upande mwingine."

Basi akaingia ndani. Mwanamke yule mdogo ameniachia pande zote mbili za upanga.

Jumamosi, Desemba 2

Nimekutana na Lyle duka la vifaa, wote tunanunua chumvi ya kuyeyushia barafu njiani. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera tangu Septemba: eneo lake la 12 lilihamishwa tangu mapema, na yeye hakusema neno. Mbona?

"Mimi mtoto wangu wa mwisho anamaliza mwaka huu," akajibu. "Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwenye kamati. Alisema nisipotafuta pa kuongelea Jumanne, atanizamisha kwenye bwawa la maonyesho."

Nikacheka. Kati ya watu kumi na watano, pengine huyu peke yake hakuwa akitafuta kitu, na mimi nilimwona mpiga domo. Nikamweleza habari za Marisol. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa utafanya nini, ndugu yangu?"

"Nitakwenda kusema."

"Peggy atakutafuna mbichi."

"Najua."

Akanipakilia magunia ya chumvi kwenye gari bila kuombwa.

Jumatatu, Desemba 11

Ukumbi wa bodi ulijaa kijani. Walikuja kushuhudia ushindi wao, na Peggy alinitunzia kiti mstari wa mbele. Jina langu lilipoitwa akanipiga piga mgongoni. Colleen alikuwepo. Corinne alisema haji, akaja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Niliwaambia bodi hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka. Kwamba mimi ni mjumbe wa kamati, kura yangu ndiyo iliyoifanya nane kuwa nane. Kwamba nilivunja kiapo, sikutetea kitu chochote siku ile isipokuwa mtaa wangu. Kwamba hoja yangu ya watoto wanaotembea kwa miguu ilikuwa uongo. Hapo nyuma yangu ukapita mguno mmoja mrefu, lakini taa ilikuwa bado ya kijani, nikaendelea. Kwamba Larkspur haijawahi kuhamishwa hata mara moja, na Stonegate mara tatu. Nilitaja majina, nikamwomba radhi Dkt. Raghavan kwa hilo. Nikaomba wabadilishe: Larkspur iende Harlan Creek, Stonegate ibaki. Mwisho nikasema nina binti darasa la kumi na hataki kuhama, na kwamba naomba hata hivyo. Taa ikawaka nyekundu.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Lyle, makofi kama milango inayobamizwa.

Bodi walijadiliana. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona mtu akiomba mtaa wake mwenyewe uhamishwe, akauliza kama niko mzima. Kisha wakapiga kura. Nne kwa tatu. Wamebadilisha.

Peggy alipita mbele yangu. "Nilikuokea keki," akasema. Hilo tu.

Tumerudi nyumbani watu watatu ndani ya gari moja, Corinne kageukia dirishani. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Agosti najiona mtu.

Jumanne, Desemba 12

Corinne haongei nami.

Jumatano, Desemba 13

Vivyo hivyo. Kibao chetu kimeng'olewa, na si mimi niliyeking'oa.

Jumamosi, Desemba 16

Theluji ya kwanza. Nimesafisha njia yetu, na ya Peggy. Alinitazama dirishani hadi nilipomaliza, akashusha pazia.

Jumatatu, Desemba 18

Colleen anasema Corinne na Marisol wameonekana wakila pamoja tena shuleni. Nikajisemea moyoni, haya, ndiyo malipo yangu. Mtoto atanuna, lakini rafiki amempata. Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Alhamisi, Desemba 21

Marisol kaja kula, mara ya kwanza tangu siku ile ya garini. Colleen kapika supu ya mahindi. Nilimvutia kiti mwenyewe. Nilikuwa, niseme kweli, nasubiri kushukuriwa. Nilikuwa nimeshajiandaa na la kujibu, eti si kitu.

"Bwana Pruitt," akasema Marisol, "naweza kukuuliza?"

"Uliza, mwanangu."

"Nani alikwambia sisi hatutaki kwenda Harlan Creek?"

Nikacheka kidogo. Hakucheka.

"Uliniambia wewe," nikasema. "Ulisema mmezoea kuhama."

"Ndiyo. Tumezoea, kwa hiyo haitutishi." Alikuwa anaongea kwa adabu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mara zote tatu tumepelekwa mahali ambapo watu wameshakaa. Kila kiti kina mwenyewe. Hii ilikuwa mpya. Wote tungekuwa wageni siku ile ile. Mama alishatupeleka Jumapili mbili, tukachungulia kwenye uzio na mdogo wangu. Mwalimu Fitch alisema tuba zao zitakuja ndani ya makasha, hakuna mtu aliyezipuliza. Mimi ningekuwa wa kwanza."

Nilimtazama Corinne. Alikuwa anachora kwa kijiko ndani ya supu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tumeongea juzi. Tulikuwa hatuongei, Baba, ningejuaje?" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Yeye alitaka kwenda. Mimi nilitaka kubaki. Ilikuwa imeshakaa sawa. Wewe ulikuwa umeshaikosea ikakaa sawa."

"Lakini kwa nini hamkusema?" Nikamgeukia Marisol. "Kwa nini mama yako hakuja, watu wa Stonegate hawakuja, mtu hata mmoja akasema?"

"Mlisema mtakuja nyinyi," akajibu Marisol. "Lilibandikwa tangazo kwenye chumba cha kufulia. Mama aliomba ruhusa kazini mara mbili. Mara ya pili alipika."

Colleen alikuwa amesimama na upawa hewani. Nilimwangalia anisaidie, akamiminia Marisol supu. Niliwahamisha watoto wale bila kuwaza, kisha nikawarudisha kwa toba na hotuba, na mara zote mbili nililala vizuri. Lakini bado kulikuwa na muda. Bodi inakaa tena Januari. Dkt. Raghavan ni mtu mwelewa, Lyle angekuja, ningeweza kueleza upya, ningeandika leo leo. Nilikuwa nimeshasimama, simu iko mkononi, natafuta namba.

"Unampigia nani?" Corinne akauliza.

"Dkt. Raghavan. Nitamwambia kwamba Stonegate wanataka..."

"Wanataka nini, Baba?"

"Kwenda. Si amesema?"

"Amesema yeye. Ghorofa zile zina watoto mia ngapi?" Aliniangalia, hana hasira tena, amechoka tu. "Na mimi je? Umeniuliza leo nataka nini? Leo, si mwezi uliopita."

Sikuwa nimemuuliza. Nikaweka simu juu ya friji, nikarudi mezani, nikaketi.

"Haya," nikasema. "Semeni."